Dumu la Dawa ya Mbu

Wazoa mitaro wa manispaa walikuwa na utaratibu wao, na hakuna mkubwa aliyewafundisha. Dumu jipya la dawa ya mbu likiletwa stoo, msimamizi alilifungulia pale pale mlangoni, akachukua jagi la plastiki, akawamiminia. Kila mtu na chombo chake: huyu chupa ya soda, yule chupa ya dawa ya kikohozi, mwingine kopo lililowahi kuwa na rangi ya ukuta. Vyombo vingi vilitoka humo humo mtaroni, maana mtaro ndio duka la anayeuzoa. Kila kitu kimo, unalipa kwa pua tu. Mzee Beleshi yeye alikuwa na chupa ya mafuta ya watoto, yenye picha ya mtoto kacheka mpaka ufizi unaonekana. Aliiokota kwenye tope, akaisugua kwa mchanga na sabuni hadi ikang'aa. Wenzake walimwuliza kama ameanza kuota meno upya. Akawajibu kwamba ngozi yake bado laini, wao wamekwisha kuwa mamba.

Karatasi ya maelezo ilibaki kwenye dumu. Dumu lilibaki stoo. Ufunguo wa stoo ulining'inia kiunoni kwa msimamizi, ambaye walimwita Kalamu, kwa sababu mfuko wake wa shati haukukosa kalamu na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Siku moja mtu alimwuliza dawa ile ina nini ndani. Kalamu akasema ndani yake mna mbu waliokata tamaa. Watu wakacheka, wakapaka, wakashuka mtaroni, na swali likafia hapo.

Beleshi hakucheka siku ile. Tangu afiwe na mkewe alikuwa mchoyo wa kicheko.

Kisa cha mkewe mtaa mzima ulikijua, maana alikisimulia kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Mwanamke alikuwa na mimba ya pili, na binti yao wa kwanza ndio kwanza anaanza kuandika herufi. Mvua zilikuwa zimekolea, mbu wanaimba mpaka mchana. Beleshi akaleta dawa ya kujipaka nyumbani. Mkewe, mwanamke mwangalifu asiyeonja chumvi kabla ya kuinusa, akaipeleka kwanza kliniki ya hospitali akaulizie. Akapanga foleni hadi dirishani. Mtu wa dirishani, bila kuinua macho, akasema mjamzito hapaki chochote, apishe anayefuata. Akapisha. Akarudi, akaiweka chupa juu ya kabati, na haikushuka tena. Homa ikamkuta mwili mtupu. Wakamzika na mtoto wake tumboni, na yule mtu wa dirishani hakujua hata kwamba kuna mazishi.

Tangu hapo Beleshi aliliona dirisha lile kama kaburi lililotiwa kioo. Neno likitoka humo, yeye alishika kinyume chake.

Binti akakua, akawa fundi cherehani wa kushonea watu barazani, akaolewa na dereva wa lori ambaye barabara ilimjua kuliko mkewe. Mume akiwa safarini, na mara nyingi alikuwa safarini, binti alikaa kwa baba yake. Alipopata mimba, mzee alihaha kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Akamwambia apake, apake, apake. Binti hakuwa mbishi, lakini alikuwa mtoto wa mama yake, akaenda kuuliza. Safari hii hakuishia dirishani. Alimpata muuguzi mmoja mtu mzima aliyemkalisha, akamwambia apake bila wasiwasi, mjamzito anaruhusiwa, mradi anunue ya dukani yenye maelezo na ayafuate: sehemu za mwili zilizo wazi tu, si chini ya nguo, wala penye kidonda, na akiingia ndani kulala anawe. Homa ya mbu kwa mwenye mimba, alisema, ni mwizi anayebeba mawili kwa mkupuo.

Beleshi aliposikia hayo alikaa kwenye kizingiti akashika kichwa. Kumbe mkewe angeweza kupaka. Kumbe miaka yote aliyoshindana na usiku, jibu lilikuwa ndani ya jengo lile lile, chumba cha pili kutoka dirishani.

Binti akapaka ya dukani, yenye kopo dogo na maandishi mengi. Mimba ikaenda salama, mtoto akazaliwa wa kike, mzima, na sauti ya kugombeza. Wakamwita jina la bibi yake. Beleshi akapata mke, kama wanavyosema mababu. Akirudi kazini, alisimama mlangoni akauliza mke wake ameshindaje. Binti naye humjibu kutoka ndani, huku mguu ukikanyaga cherehani: "Mkeo amelia mchana kutwa, anasema mume gani harudi na zawadi." Mzee akacheka. Ndiyo, akacheka, hadi majirani wakatega sikio wajue nani kaingia kwa Beleshi.

Mtoto alipopelekwa kupimwa uzito mara ya kwanza, binti aliomba chandarua. Dirisha likajibu vyandarua vimeisha, arudi mwezi ujao. Likaongeza kwamba mtoto asipakwe dawa yoyote ya mbu mpaka atimize miezi miwili. Alale ndani ya chandarua tu.

Binti alimweleza baba yake neno kwa neno. Beleshi aliweka kijiko chini.

"Alale ndani ya chandarua," alisema. "Kipi?"

Binti akamwonyesha kile cha zamani, alichokitia viraka hadi kikawa viraka vyenye chandarua. Akasema atakiongezea pindo ili kiweze kukunjwa chini ya godoro kisibaki na upenyo. Akamwambia pia, na hili alilisema akimtazama machoni, kwamba mtoto hapakwi, baba. Beleshi akasema amesikia.

Kusikia alisikia. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maneno yalikuwa yale yale, ya dirisha lile lile: asipake, apishe anayefuata. Mara ya kwanza yalikuwa uongo, akazika. Leo mtu amwaminije mwongo aliyemzikisha? Na binti alipaka mimba nzima, mtoto akiwa humo humo tumboni, asidhurike. Kilichomfaa akiwa ndani kitamshindaje akiwa nje? Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu zake, na kwa mtu aliyeacha shule kabla shule haijamzoea, hesabu ilikaa sawa. Asichokiona ni kwamba ngozi ya mama ilikuwa ukuta, na mtoto huyu sasa hana ukuta. Na kwamba ile ya dukani na hii ya dumuni zilikuwa ndugu wa jina tu. Kwake dawa ni dawa, kama vile mbu ni mbu.

Mvua ikapiga wiki nzima. Mitaro ikafura, kwa sababu wakubwa waliahidi mifuniko na mifuniko haikuja. Jioni moja Beleshi akaona shavu la mjukuu lina uvimbe mwekundu, na mbu mnene ametua juu ya kiraka cha chandarua, anasubiri kushukia chakula. Binti alikuwa uani anafua nepi. Mzee akatoa chupa yake mfukoni, akamimina kiganjani, akampaka. Mikono, miguu, shingo, vidole kimoja kimoja, kwa upole mkubwa, akimwambia mkewe atulie. Kisha akamfunga vizuri ndani ya khanga. Kesho yake jioni akampaka tena. Na keshokutwa. Mtoto mwenyewe alikuwa katika umri wa kula ngumi. Ngumi ikitoka kwenye khanga, inaishia mdomoni.

Binti alinusa harufu, lakini nyumba ya mzoa mitaro haikosi harufu, na hii ya dawa ilikuwa imeganda kwenye nguo za baba yake tangu yeye mtoto.

Asubuhi mzee akiwa anavaa buti zake za mpira, binti alimwita. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, njoo umwone," kwa sauti iliyomfanya mzee aingie na buti moja. Mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Halafu macho yakapanda juu, na mkono mmoja ukaanza kuchezacheza, tik, tik, tik, kama sindano ya cherehani iliyokosa uzi.

Walifika hospitali wamebebwa na pikipiki moja, wote watatu, mzee akimalizia kuvaa buti ya pili njiani. Muuguzi, yule yule mtu mzima wa chumba cha pili, alimpokea mtoto, akamlaza juu ya meza, akamvua. Daktari kijana akaja, akauliza mtoto amekula nini, ana homa tangu lini, amepakwa nini.

"Hajapakwa kitu," binti alisema. "Mafuta yake ya kawaida."

Mkono wa mtoto ukaanza tena. Beleshi akatazama ule mkono. Akaingiza wake mfukoni, akatoa chupa, akaiweka mezani pembeni ya kichwa cha mtoto.

Daktari aliigeuza akaona picha. "Ni mafuta ya watoto tu haya," akamwambia muuguzi, akataka kuendelea na kifua.

"Siyo," Beleshi alisema.

"Siyo nini, mzee?"

"Siyo mafuta. Chupa ni ya mafuta. Ndani ni dawa ya mbu, ya kazini. Nimempaka mimi."

Binti hakugeuka. Alikuwa ameshika mguu wa mtoto, akabaki ameushika. Muuguzi akafungua kifuniko, akanusa, akafunga haraka. Akachukua beseni, maji na sabuni, akaanza kumwosha mtoto kuanzia vidoleni, akiongea naye polepole. Daktari akamvuta mzee kando, akamwuliza ni dawa gani hasa. Beleshi akasema ya mbu. Daktari akasema mbu wanauawa kwa mengi. Kuna sumu za mashamba watu wanaziita dawa ya mbu, na tiba yake ni nyingine kabisa. Akikosea hapo, atamwongezea mtoto mzigo. Dumu lake lina maandishi? Beleshi akasema linayo. Yanasemaje? Hapo mzee akatazama buti zake.

"Kalete hayo maandishi," daktari alisema. "Kimbia."

Alikimbia kadiri buti za mpira zinavyoruhusu. Stoo ilikuwa wazi, ni saa ya kugawa. Watu wamepanga mstari na chupa zao, Kalamu ameinama na jagi. Beleshi aliwapita wote, akamweleza kwa pumzi zilizokatika kwamba mjukuu yuko hospitali, daktari anataka dumu. Kalamu akanyooka. Akasema anampa pole, lakini mali ya ofisi haitoki bila ruhusa ya afisa, na afisa yuko kikaoni; akae kwenye benchi. Beleshi akasema basi ampe karatasi. Kalamu akasema karatasi ndiyo dumu lenyewe, ikibanduliwa yeye ataulizwa.

Mzee hakukaa kwenye benchi. Alivuta toroli la kuzolea tope, akalikumbatia dumu kifuani, akalipakia. Kalamu akashika mpini.

"Mzee Beleshi, nitakuandika."

"Andika. Itakuwa mara yako ya kwanza."

Mtu mmoja kwenye mstari alicheka, kisha akaona uso wa mzee, kicheko kikamkwama. Wawili wakatoka wakamwondoa Kalamu mkono kwenye mpini, kwa adabu, kama mtu anavyomwondolea mwenzake sisimizi. Beleshi akasukuma.

Njia nzima dumu lilichuruzika. Toroli lilikuwa na tairi moja bovu, likampeleka mbio za kilevi katikati ya watu waendao kazini, na watu walimpisha kwa sababu ya tope la toroli, si kwa sababu nyingine. Akawaza kwamba akimkuta mtoto hai, atakwenda ofisini, atapanda ngazi hadi kwa mkubwa mwenyewe, atamwagia dumu zima kwenye zulia. Akawaza akimkuta hayuko. Hapo hakuwaza tena, akasukuma tu.

Daktari alitoka hadi barazani, akachuchumaa mbele ya toroli. Nusu ya karatasi ilikuwa imeliwa na dawa yenyewe. Ilipochuruzikia, wino na plastiki viliyeyuka pamoja. Nusu iliyobaki akaisoma kwa kidole. Kisha akasema siyo sumu ya shamba. Ni dawa ya kujipaka kweli, ila kali kupita kiasi, ya watu wazima wanaoshinda porini na mabwawani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akamwuliza mzee kama anaweza kuusoma. Beleshi akaanza, silabi kwa silabi, mkono mmoja bado umeshika mpini wa toroli: i-si-pa-kwe wa-to-to. Akaishia hapo. Daktari alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Alichuchumaa barazani, dumu katikati ya miguu. Baadaye sana muuguzi alitoka kujipumzisha. Akamwambia degedege limetulia kwa sindano, mtoto anapumua mwenyewe. Beleshi akamshukuru Mungu, halafu, kwa kuwa ulimi wake ulikwisha zoea njia hiyo, akaanza kuwashukia wakubwa: waliomwambia mkewe asipake, walionunua dawa ya ng'ombe wakawapa watu, walioficha maandishi stoo, walioishiwa vyandarua huku wao wanalala kwenye vyumba vya baridi. Muuguzi hakumkatiza. Alipomaliza, alimwambia kwamba kwa mkewe yuko sahihi, waliomjibu walikosea, na hakuna wa kumrudishia. Lakini mtoto mchanga ni habari nyingine. Hapakwi kabisa mpaka miezi miwili ipite, hata ile laini ya dukani. Akipita hapo ataanza na iliyo hafifu, na mkubwa huipaka kwanza kwenye viganja vyake mwenyewe ndipo amguse mtoto. Viganja vya mtoto haviguswi, kwa sababu mtoto hula viganja vyake. Macho na mdomo vivyo hivyo.

"Dirisha lilisema hivyo?" Beleshi aliuliza.

"Safari hii lilisema kweli, babu."

Mzee akatazama mikono yake. Ilikuwa bado inanuka, na kwenye mikunjo ya vidole dawa ilikuwa imekausha ngozi ikawa nyeupe.

Jioni walimruhusu kufika mlangoni mwa wodi. Binti alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala kifuani kwake, ana bomba dogo puani. Daktari alikuwa amemwambia ataishi. Jinsi atakavyokua, alisema, hakuna mtu anayeweza kumwahidi leo, watamwangalia akikaa, akitambaa, akisema. Beleshi alianza kumweleza habari za dumu, za Kalamu, za karatasi iliyofungiwa, na kwamba hao watu lazima wajibu.

"Wajibu," binti alisema. "Lakini wakubwa hawakuingia chumbani kwangu, baba. Mimi nilikuambia hapakwi. Nilikuambia nikikutazama."

Mzee akasema alitaka kumkinga.

"Najua. Hutamshika tena."

Hakulisema kwa ukali. Kama angelisema kwa ukali pangekuwa na mahali pa kushika, pa kubishia. Alilisema kama fundi anayemwambia mteja kitambaa hakitoshi. Beleshi alikaa mlangoni hadi muuguzi alipomwomba apishe.

Kalamu aliandika kweli. Beleshi aliitwa ofisini, akasomewa kwamba ameondoa mali ya manispaa bila kibali na kuwashawishi wenzake, akasimamishwa kazi. Alipouliza kama wataanza kuwapa watu dawa kwenye makopo yake na maandishi yake, aliambiwa hilo ni suala la ununuzi, si la nidhamu. Alipopita stoo kurudisha buti, dumu jipya lilikuwa limeletwa na mstari umepangwa. Akasimama mbele yao, akawaambia wenye watoto wachanga wasiipeleke nyumbani, wawaachie chandarua tu, na wenye wake wajawazito wanunue ile ya dukani wasome. Wengine walitikisa kichwa. Mmoja alisema mzee amechanganyikiwa tangu mambo yake yale. Kalamu akaendelea kumimina.

Mama mkwe wa binti alikuja siku mtoto aliporuhusiwa kutoka. Alikuwa mwanamke mkimya, mnene, anayetazama vitu kabla ya kuvikalia. Hakumlaumu Beleshi kwa neno. Alifunga nepi, akafunga nguo za binti, akafungua cherehani kutoka kwenye meza yake na kuivingirisha ndani ya blanketi, na kwa kitendo hicho mzee akajua kwamba safari hii si ya wiki mbili.

Aliibeba cherehani mwenyewe hadi kituoni. Ilikuwa nzito, naye aliikataa mikono ya vijana waliotaka kumsaidia. Binti alitangulia, mtoto begani kwake, amefunikwa mikono na miguu. Kila alipokaribia mzee, binti naye alisogea hatua mbele, bila kuangalia nyuma. Na mzee, alipoligundua, akapunguza mwendo mwenyewe ili binti asichoke.

Gari likaja. Akapakia mzigo, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Binti aliketi dirishani. Akamtazama baba yake kwa muda, kisha akamgeuza mtoto taratibu, uso ukaelekea nje. Mtoto alikuwa macho. Jicho moja lilimfuata mzee. La pili lilikawia, halafu likafuata. Au mzee alidhani limekawia. Hakuuliza.

"Huko chandarua kipo?" alisema.

"Kipo, mkwe," mama mkwe akajibu. "Kipya. Hakina hata tundu."

Alitaka kuuliza kimetoka wapi, nani amekitoa, na kwa nini huko vipo na huku vimeisha. Maneno yalikwisha mjaa mdomoni. Akayameza, akarudi nyuma ili gari lipate kugeuka.